Barabara Ianze na Wanaoishi Kandokando Yake

Leeds, Uingereza

Baba Mdogo,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Umeniuliza, kwa kuwa mwanao ninapita kila siku kwenye barabara kuu za huku, lami ya kutoka Omurushaka kwenda Nkwenda na Kyerwa itatuletea nini sisi watu wa Nyabiyonza, Karagwe. Nimeona nikujibu hapa gazetini, kwa sababu najua swali hilo linaulizwa kwenye kila kibaraza kutoka Bugene hadi Murongo.

Nianze na njia ninayoijua kwa magurudumu. Ninakaa Leeds, na kazi yangu ya kutunza wazee iko Rochdale, ng'ambo ya milima ya Pennine. Barabara kuu ya mwendo kasi inayonivusha inaitwa M62. Inatoka upande wa Liverpool, bandari ya magharibi, hadi karibu na Hull, bandari ya mashariki, takribani kilomita 170. Sehemu kubwa yake ilijengwa miaka ya 1971 hadi 1976. Juu kule mlimani wahandisi walikuta udongo mweusi uliolowa, laini mno kubeba malori, wakalazimika kuuchimba na kuuondoa mpaka wakafika kwenye mwamba. Sehemu moja barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa la maji la Scammonden. Kilele cha M62 kina mita 372 juu ya usawa wa bahari, na hakuna barabara ya aina hiyo iliyo juu zaidi katika Uingereza yote. Milima yetu ya Karagwe ina kimo mara kadhaa ya hicho. Ila huku theluji na ukungu vikishuka, hata malori makubwa hutembea kwa adabu.

Karibu na kilele hicho kuna shamba la kondoo liitwalo Stott Hall. Nyumba yake ya mawe ilijengwa karne ya 18, na leo imekaa katikati ya barabara: magari ya kwenda mashariki yanapita upande huu, ya kwenda magharibi upande ule. Wengi husimulia kwamba mwenye shamba aligoma kuhama. Ukweli ni kwamba mteremko pale ulikuwa mgumu, wahandisi wakaona heri watenganishe njia mbili kwa vimo tofauti, na shamba likabaki katikati. Wakamwekea mkulima njia ya kupita chini ya barabara ili afike malishoni. Usiku nikirudi kazini naona taa za dirisha lake, na kila mara nakumbuka nyumba za kwetu zilizo mita chache tu kutoka kwenye vumbi.

Jambo ninalotaka uelewe, Baba Mdogo, ni hili: M62 imekatazwa kwa waenda kwa miguu na kwa baiskeli. Anayetaka kwenda dukani, shuleni au kanisani ana barabara nyingine ndogo zenye njia ya miguu. Kwa hiyo barabara kuu ya huku inaweza kuwa ya wapitaji tu bila kumwonea mtu. Kwetu barabara ni moja. Fuso la ndizi, mchomoko uliojaza abiria, bodaboda yenye mgonjwa, ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, mtoto wa shule na mama mwenye mkungu kichwani, wote wanatumia kipande kilekile. Mkandarasi akiijenga kama vile ni ya wapitaji peke yao, anayeishi kandokando ndiye atakayelipa.

Nasema hivyo kwa kuwa historia yetu ina somo. Karagwe haijawahi kukosa njia. Enzi za Mukama (mfalme) Rumanyika misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa ikitoka Tabora, ikipita kwetu kwenda Buganda, na wafanyabiashara wakawa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange. Wapelelezi Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861 wakifuata njia hiyohiyo. Pembe za ndovu zilitoka, shanga na nguo zikaingia. Baadaye, wakati wa Mwingereza, ikawa zamu ya bati la Kyerwa, kisha kahawa. Njia zote hizo zilitufahamisha kwa dunia, lakini kilichobaki kandokando yake kilikuwa kidogo kuliko kilichopita.

Lami ilipotoka Kyaka kufika Bugene, takribani kilomita 59, tuliona tofauti kwa macho yetu. Gharama ya kwenda Bukoba ikawa na maana, na mgonjwa aliyeshindikana Nyakahanga akawa na matumaini ya kufika mbele akiwa hai. Lakini kuanzia Omurushaka kuelekea magharibi vumbi liliendelea kutawala kiangazi na tope masika. Mkulima asiyefikika masika ni windo rahisi la mnunuzi wa butura, anayekuja kahawa ikiwa bado ua mtini, anaacha pesa ya ada ya shule na kuondoka na mavuno ya msimu mzima. Chama chetu kikuu cha ushirika, KDCU, kipo tangu 1990, na juhudi zake tunaziona. Ila hata ushirika hauwezi kumfikia mkulima kwa wakati ikiwa gari limekwama mlimani. Ndiyo maana kilomita 50 za lami kutoka Omurushaka hadi Kyerwa ni habari ya kahawa na maharage kwanza, ndipo iwe habari ya magari.

Yajayo ni makubwa kuliko hayo. Murongo inatazamana na Kikagati, na upande wa Uganda lami kutoka Mbarara imekwisha kufika mtoni. Hapo hapo kwenye Mto Kagera kuna mtambo wa umeme wa megawati 14 ambao nchi hizi mbili zinagawana umeme wake. Siku lami yetu itakapofika Murongo, Nyabiyonza haitakuwa tena mwisho wa safari. Itakuwa njiani kati ya Bukoba na Mbarara, na malori yataongezeka. Hiyo ni neema, na ni hatari pia.

Sasa nije kwenye nyumba yako. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 ziliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kwa kawaida X nyekundu huwekwa kwenye jengo lililo ndani ya hifadhi ya zamani, na X ya kijani kwenye lililomo katika zile mita zilizoongezwa, ambalo mwenyewe anastahili fidia. Angalia rangi, piga picha, pima mwenyewe kwa kamba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Fidia si bei ya matofali tu: kuna ardhi, mimea, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Migomba na mibuni ihesabiwe mmoja mmoja ukiwa umesimama hapo. Uthamini nao una umri wake: ukipita miaka miwili bila malipo, unapaswa kurudiwa. Usisaini karatasi ambayo binti yako mwalimu hajaisoma.

Na mkiitwa kwenye mkutano wa kijiji, msiulize tu itakamilika lini. Ulizeni mtaro utamwaga maji wapi, maana maji ya barabara yakielekezwa shambani kwa mtu, mvua moja inatosha kukata migomba. Ulizeni kalvati ziko wapi, na ng'ombe watavukia wapi. Daini njia ya miguu mbele ya kila shule, alama za kivuko na matuta, ili mwendo wa kilomita 50 kwa saa wa maeneo ya makazi uheshimiwe. Ombeni kituo cha magari chenye nafasi ya akina mama kuuza ndizi na parachichi bila kusimama juu ya lami. Waombeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waunganishe njia za vijijini, kwani lami isiyofikiwa kutoka shambani humfaa mgeni kuliko mwenyeji.

Mambo hayo ni rahisi yakiwa bado kwenye michoro, na ni ghali mno lami ikishakauka. Mkulima wa Stott Hall hadi leo anafika malishoni kwa sababu njia yake ilifikiriwa wakati barabara inajengwa. Huyo ni mtu mmoja na kondoo wake. Nyabiyonza ni maelfu ya watu, na wana haki ya kufikiriwa zaidi. Nenda mkutanoni, Baba Mdogo, ukae mbele, uyaseme haya kwa sauti. Nami nitawaandikia diwani na ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, kutoka huku, na nakala nitakutumia kabla ya mkutano.

Nisalimie Mama Mdogo na wote nyumbani.

Mwanao