Kwato za Punda Wetu

Watu husema asante ya punda ni mateke. Kila niisikiapo methali hii hujiuliza: tumempa nini punda hata tudai asante? Katika mkoa wetu wa Mara ndiye anayetupandishia maji kutoka ziwani, na ndiye anayepeleka magunia ya mahindi mashineni na ya mihogo gulioni. Tunamtazama mgongoni kuona kama mzigo umekaa sawa. Miguuni hatumtazami mpaka siku anapochechemea.

Ukwato ni kitu cha aina moja na ukucha wa mtu. Huota kutoka juu, pale manyoya yanapoishia, ukishuka polepole. Sehemu ya mbele huchukua karibu mwaka mzima kufika chini. Ganda la nje halina maumivu, lakini ndani yake mna mfupa, nyama hai na mishipa ya damu. Mnyama akikanyaga, ukwato hupanuka kidogo. Akiinua mguu, hurudi. Ukirefuka kupita kiasi, uzito wote wa mwili na wa mzigo huangukia mahali pasipostahili, na kano za mguu huvutwa kila hatua.

Wazungu wenye farasi wamezoea kwa karne nyingi kuwapigilia viatu vya chuma. Lakini zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Xenophon alishauri farasi asimamishwe juu ya mawe ya mviringo ili kwato zake zikomae. Na mwaka 1992 Mmarekani Jaime Jackson, aliyekuwa fundi wa kupigilia viatu hivyo, alichapisha kitabu kiitwacho The Natural Horse, baada ya kuwachunguza farasi wa porini wa magharibi ya nchi yake. Farasi hao hawana viatu wala fundi, na kwato zao ni fupi na imara, kwa sababu hutembea mwendo mrefu juu ya ardhi kavu yenye mawe. Ardhi ndiyo tupa yao.

Punda wetu wametembea peku siku zote, na mtu aweza kusema basi hakuna neno, asili itafanya kazi yake. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Asili ya punda ni nchi kame za kaskazini mashariki ya Afrika, na ukwato wake hunywa maji upesi kuliko wa farasi. Punda anayepanda na kushuka vilima vya mawe vya Butiama hujipunguza kwato mwenyewe. Lakini yule anayeshinda amefungwa kwenye mti uani Musoma, au anayesimama katika tope la mbuga kule Bunda wakati wa masika, mawe hayo atayapata wapi? Kwato zake hurefuka, hulainika, hupasuka, na uchafu huingia hata kufanya jipu ndani.

Nilimwona mmoja wa namna hiyo Bunda. Kwato zake za mbele zilikuwa zimepinda juu kama ndala kuukuu. Alikuwa akipigwa kwa uvivu, na alipogoma kabisa, ndoo zilihamia vichwani mwa watoto, nao wakawa wanafika shuleni wamechelewa. Mzee mmoja jirani alikuja na tupa na kisu kikali. Hakukata yote siku moja, maana ukwato uliopinda hivyo ukikatwa kwa pupa hutoka damu na mnyama hulala chini. Alipunguza kidogo, akaja tena baada ya majuma kadhaa, akapunguza tena. Kazi ya kiboko ilifanywa na tupa.

Haya si mambo ya gharama. Inua mguu, ondoa tope na vijiwe kwa kijiti, angalia kama pana ufa au harufu mbaya. Mpatie mahali pakavu pa kulala. Kila baada ya majuma 6 hadi 10, mwite anayejua kupunguza kwato. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa ukwato hujengwa kwa mwaka mzima.

Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi zao. Nilifurahi, kwani biashara hiyo ilikuwa ikiwamaliza. Lakini hakuna mkutano wa wakuu utakaokuja kuinua mguu wa punda uani kwako. Sisi ndio tuliomtoa mnyama huyu kwenye mawe yake tukamfunga kamba. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mawe tumeirithi sisi, na kabla ya kudai asante, yafaa kwanza tuifanye.