Inua Mikono Kwanza

Mjomba wangu anapiga kinanda kwenye kwaya ya kanisani Kilangali tangu mimi niko darasa la pili. Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Mguu ukarudi, lakini mkono wa kushoto umebaki mzito.

Ana kinanda kimoja na vyombo viwili vya sauti: kimoja kina ogani, kingine kina filimbi. Kubadilisha sauti ilibidi ainame nyuma ya meza, achomoe kebo ya MIDI huku, aichomeke kule. Kwa mkono ule ilikuwa adhabu. Jumapili moja kwaya nzima ilimsubiri, yeye kainama anapapasa tundu. Nikasikia kijana mmoja akinong'ona: mzee angepumzika tu sasa.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nikamwambia, "Mjomba, nitakutengenezea swichi."

Akacheka. "Wewe? Wewe si wa maneno tu?"

Nilidhani kebo ile inapitisha muziki. Kumbe haipitishi sauti hata chembe. MIDI, iliyoanza mwaka 1983, inapitisha amri tu: noti hii ianze, noti hii iishe. Sauti yenyewe inazaliwa upande wa pili. Plagi ina pini 5, lakini zinazotumika ni 3: ya 4 na ya 5 zinabeba amri, ya 2 inakinga kelele. Na boksi lenyewe halitaki betri wala umeme. Ni soketi 3, swichi moja ya miguu 6, na nyaya. Pini ya 4 na ya 5 kutoka kwenye kinanda zinaingia miguu miwili ya katikati. Miguu ya upande mmoja inakwenda chombo cha kwanza, ya upande wa pili chombo cha pili. Pini za 2 zote unaziunganisha pamoja, basi.

Vifaa nilinunua Morogoro mjini. Kasha ni kopo la plastiki la kubebea chakula. Niliunguza vidole viwili kwa risasi ya moto, nikamaliza, nikajaribu: kimya. Kumbe pini hazijapangwa 1, 2, 3 kama mtu mwenye akili zake angezipanga; zimekaa 1, 4, 2, 5, 3. Tena ukiigeuza soketi ili uchomelee kwa nyuma, kushoto kunakuwa kulia. Kwenye soketi ya kinanda nilikuwa nimebadilishana ya 4 na ya 5. Nikabandua, nikaanza upya.

Jumamosi tukaenda mazoezini. Mjomba akapiga ogani, na katikati ya ubeti akasukuma swichi. Tak. Filimbi ikaja, safi. Ila ogani nayo ikaendelea kulia, noti moja tu, haikomi. Vidole vya kushoto vilikuwa havijaachia. Amri ya kuisha ilikwenda kwenye filimbi, na ogani ikabaki inaisubiri. Mjomba akachomoa waya wa umeme. Vijana wakaangaliana.

"Inabidi uinue mikono kwanza, Mjomba," nikasema, na hapo hapo nikajuta. Mkono ule hauinuki haraka, na wote tulijua.

Mjomba hakunijibu. Akawageukia waimbaji. "Hapa mnapumua wapi?"

Wakamwonyesha: mwisho wa kila ubeti.

"Basi hapo msikimbilie ubeti unaofuata. Pumueni vizuri. Mtaingia nikiingia mimi."

Wakarudia mara nne, mpaka giza likaingia.

Kesho yake nilikaa benchi la nyuma kabisa. Ubeti wa kwanza ukaisha, kwaya ikanyamaza. Nilimwona akiinua mkono wa kulia, kisha, polepole, wa kushoto. Mtu asiyejua angesema wimbo ule ndivyo ulivyotungwa. Nikahesabu moja, mbili.

Tak.

Kwaya ikaingia pamoja naye.