Mawe ya Altare Yetu

Ukitaja ukarabati wa kanisa, wengi hudhani ni rangi na vigae tu. Hata mimi nilidhani hivyo wakati wa harambee ya parokia yetu mwaka jana.

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa altare. Kanisa letu lilijengwa zamani, padri akiongoza Misa kwa Kilatini huku amewapa waumini mgongo, ndiyo maana altare ya mawe ilishikana na ukuta. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) Misa ikaja kwa lugha zetu na padri akatugeukia. Kwetu iliwekwa meza ya mbao tu, kule kule ndani, na waliokaa pembeni walisikia sauti kama ya redio.

Baraza likapendekeza altare ya zamani ivunjwe. Lo! Wazee walikuja juu. Nyanya yangu akasimama: "Mawe hayo tuliyabeba kichwani kutoka mtoni, nikiwa msichana rika la huyu mjukuu wangu. Mtayavunja nikiwa hai?" Mkutano mzima kimya.

Basi ya zamani ikabaki ukutani, tabenakulo juu yake. Mpya ikajengwa mbele, karibu na mabenchi, kwa mawe ya ule ukuta mfupi ambapo watu walikuwa wakipiga magoti kukomunika. Kwangu mimi, hilo lilikuwa na maana kuliko vigae, ambavyo kusema kweli vimeleta mwangwi hadi kwaya inalalamika.

Nyanya sasa hukaa benchi la pili. Akiingia hupiga goti, nami sijui kama ni kwa tabenakulo peke yake au na mawe yake pia.