Kanda ya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi redio, Ilala. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yasiyo na kichwa wala miguu, nilihamia kwake kumshikia tochi na kuota kuwa mwandishi wa riwaya. Pale bandani kuna sanduku la kanda ambazo wenyewe hawakuzirudia. Siku moja nikaokota moja, juu ina mtu wa ajabu mwenye upanga na ngao, anachomoka nyuma ya mti usiku.

"Mjomba, huyu mwenye upanga ndiye nani?"

"Soma jina."

"Black Sabbath. *Paranoid*."

"Basi sikiliza, acha maswali."

Nikasikiliza. Kusema kweli niliona kelele tupu, kama mabati yanaburuzwa barabarani. Kumbe sikukosea sana. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati kule Birmingham, Uingereza. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na jamaa ni mashoto, kwa hiyo huo ndio mkono wa kubania nyuzi! Msimamizi wake akamsikilizisha santuri ya Django Reinhardt, aliyekuwa akicharaza gitaa kwa vidole viwili baada ya mkono kuungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivalisha ngozi, akafunga nyuzi nyembamba. Akaendelea.

Walikuwa vijana wanne, wote wa mtaa wa Aston: Iommi, Ozzy Osbourne mwimbaji, Geezer Butler wa besi na Bill Ward wa ngoma. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu, Oktoba 1969. Juni 1970 wakarudi studio, London, na prodyuza Rodger Bain. Albamu hii ya pili ilikuwa iitwe *War Pigs*. Mwishoni ikaonekana imepelea, unatakiwa wimbo mfupi wa kujazia. Wakautunga papo hapo, hata saa moja haikuisha. Huo ndio "Paranoid". Ukafika nafasi ya 4 Uingereza, albamu ikapewa jina lake, ikatoka Septemba 1970 na kushika namba moja. Jina likabadilika, picha ikabaki ileile. Ndiyo maana ya upanga.

Ndugu msomaji, mimi nilidaka hiyo habari ya saa moja tu. Nilikuwa nimeandika sura ya kwanza mara saba! Usiku ule nikakaa, nikamwaga kurasa ishirini kwa mkupuo: kijana tajiri wa Masaki, gari, binti wa waziri, machozi. Asubuhi nikasoma. Aibu. Masaki sijawahi kuingia sebule ya mtu hata moja.

Nilisahau kwamba kabla ya saa ile, wale mabwana walikwisha kesha Hamburg, Ujerumani, wakipiga awamu baada ya awamu usiku mmoja. Na wakati wenzao wengi wanaimba maua na mapenzi, Butler aliandika vita. Mjomba alinifasiria wimbo mmoja humo, "Hand of Doom", habari za askari wa Marekani waliotoka Vietnam na kuishia kwenye sindano.

Nikanyamaza. Nilikuwa na rafiki tuliyekaa naye dawati moja. Unga ulimchukua, kwanza meno, halafu haya, halafu yeye mwenyewe. Tumemzika miaka miwili iliyopita. Katika yale madaftari yangu yote, hakuna hata mstari unaomhusu. Mama yake kila tukikutana gengeni huniuliza, "Mwanangu, bado unaandika?" Nami humjibu, "Kidogo kidogo, mama," huku natazama nyanya.

Tarehe 5 Julai 2025 wale wanne walikutana tena jukwaani, uwanja wa Villa Park, palepale Aston. Metallica na Guns N' Roses walikuwepo kuwapa heshima zao. Ozzy aliimba amekaa kwenye kiti cha enzi, maana mwili ulikuwa umemchoka. Tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Dunia nzima waliizunguka, wakaja kumalizia mtaani kwao.

Wiki hiyo nilikwenda kwa yule mama na daftari jipya. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwomba ruhusa ya kumwandika mwanawe. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakunisikia.

"Andika," akasema. "Lakini usije ukamfanya malaika. Redio yangu aliiuza yeye."

Sura ya kwanza sasa ina kurasa sita. Inaanza na hiyo redio. Jina la kitabu bado, na sina haraka nalo.