Risiti za Mama na Bluetooth ya Linux

Leo nataka tuzungumze kuhusu Bluetooth kwenye Linux, lakini itabidi nianzie dukani kwa mama, maana huko ndiko nilikofunzwa adabu.

Mama anauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo mjini Kitale. Mwaka 2023, msimu wa kupanda mahindi ulipokaribia, nilimpelekea kipakatalishi changu cha zamani nilichokiwekea Linux, pamoja na printa ndogo ya risiti niliyoinunua Luthuli Avenue hapa Nairobi. Printa yenyewe haitumii wino wala waya. Karatasi yake hubadilika rangi kwa joto, nayo huzungumza na tarakilishi kwa Bluetooth. Nikaandika programu fupi kwa Python: mama anachagua bidhaa, anaandika idadi, anabonyeza kitufe, risiti inatoka.

Kuunganisha hakukuwa na taabu. Unafungua terminali, unaandika bluetoothctl, kisha unaendelea hivi:

power on
scan on
pair 00:11:22:33:44:55
trust 00:11:22:33:44:55

Hiyo namba ndefu ni anwani ya printa, na ya kwako utaiona ukishaandika scan on. Printa nyingi za aina hii huomba nambari ya siri 0000 au 1234. Amri ya trust inaiambia tarakilishi kwamba kifaa hiki ni cha nyumbani, kisiulizwe maswali kila kinapobisha hodi.

Kuna hatua moja zaidi. Printa hizi hujifanya kama zimeunganishwa kwa ule waya wa kizamani wa serial, kwa hivyo ni lazima uipe mlango:

sudo rfcomm bind 0 00:11:22:33:44:55 1

Ile 1 ya mwisho ni namba ya chaneli. Hapo hapo linatokea faili la /dev/rfcomm0, na lolote programu inaloandika humo linachapishwa kwenye karatasi. Hakikisha tu kwamba jina la mtumiaji limo katika kundi la dialout, la sivyo utanyimwa ruhusa.

Risiti ya kwanza ilipotoka mama alipiga makofi. Akaibandika ukutani. Mimi nikapanda basi la usiku kurudi Nairobi nikijiona fundi.

Wiki tatu baadaye nikampigia simu kumjulia hali. Nikauliza, "Na printa, mama?" Akanyamaza kidogo. "Iko tu." Nikamwuliza iko tu vipi. Akasema, "Baba, usikasirike. Nafikiri niliiharibu."

Kumbe siku ya pili tu stima ilipotea. Betri ya kile kipakatalishi ilikuwa imekufa siku nyingi, basi kikazimika. Stima iliporudi akakiwasha, akafungua programu, akabonyeza. Kimya. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama mbele yake mweka hazina wa chama cha wakulima, amekuja kununua mbegu na mbolea ya wanachama wote. Chama hakimrudishii mtu pesa bila risiti. Mama alijaribu mara tano, kisha akatafuta kitabu cha risiti cha zamani akakikosa, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hatakihitaji tena. Yule bwana akamwambia pole, akavuka barabara akanunua kwa jirani. Na mama kwa wiki tatu alinificha, akiamini kwamba ni vidole vyake vilivyogusa pasipofaa.

Wasomaji, hakugusa chochote. Kosa lilikuwa langu, na ningependa mlielewe vizuri ili msilirudie.

Ukiunganisha kifaa kwa pair, ufunguo wake huhifadhiwa kwenye diski, ndani ya /var/lib/bluetooth. Huo haupotei tarakilishi ikizimwa. Lakini amri ya power on ni ya wakati ule tu. Na rfcomm bind ni ya wakati ule tu pia: ukiwasha mashine upya, /dev/rfcomm0 haipo. Nilikuwa nimeiwekea duka mipangilio ya siku moja.

Nikaanza kutafuta dawa. Maelekezo mengi niliyoyapata yalisema uandike anwani ya printa kwenye /etc/bluetooth/rfcomm.conf. Nikaandika, nikazima, nikawasha. Hakuna kitu. Ikabidi nisome historia kidogo. BlueZ, ambayo ndiyo programu huria inayoendesha Bluetooth kwenye Linux, iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2001, toleo la 2.4.6. Desemba 2012 likatoka BlueZ 5 na mambo mengi yakabadilika, likiwemo faili hilo la rfcomm.conf, ambalo halisomwi tena. Unaweza kuliandika hadi kucha, hakuna wa kulisoma. Kwa hivyo ukikuta mwongozo unaolitaja, jua ni wa zamani.

Dawa yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza, fungua /etc/bluetooth/main.conf, na chini ya [Policy] uhakikishe kuna mstari huu, usio na alama ya # mbele yake:

AutoEnable=true

Huo huwasha Bluetooth yenyewe kila mashine inapoamka. Matoleo mapya ya BlueZ hufanya hivyo bila kuambiwa, lakini lile la mama lilihitaji kuambiwa.

Pili, tengeneza faili /etc/systemd/system/printa.service:

[Unit]
After=bluetooth.service

[Service]
Type=oneshot
RemainAfterExit=yes
ExecStart=/usr/bin/rfcomm bind 0 00:11:22:33:44:55 1

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha:

sudo systemctl enable printa.service

Sikumwelekeza mama kwa simu. Nilisafiri Ijumaa hadi Kitale nikafanya mwenyewe. Halafu nikafanya lile nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: nikachomoa waya wa stima tarakilishi ikiwa inafanya kazi. Nikauchomeka, nikaiwasha, nikajaribu risiti. Mara tatu. Mara ya nne nilimpa mama afanye mwenyewe, mimi nikasimama nje ya duka nisimsaidie.

Risiti ikatoka. Safari hii hakupiga makofi. Aliishika, akaisoma yote, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo siku ile haikuwa mimi?"

Nikamwambia haikuwa yeye.

Yule mweka hazina hakurudi msimu huo. Kitabu cha risiti nilimnunulia kipya, na bado kimo kwenye droo, karibu na printa.

Basi, ukimwekea mtu Bluetooth au kitu kingine chochote, usiondoke kwa sababu kimefanya kazi mara moja ukiwa umekaa hapo. Kizime, kiwashe, kisha umwachie mwenyewe. Na akikuambia ameharibu, anza kwa kukagua kazi yako.

Kwa leo niishie hapo. Tukutane tena, Mungu akipenda.