Shujaa Aliyenyimwa Usemi

Nilipomsoma Tarzan baada ya kumwona katika sinema, nilikuta watu wawili wenye jina moja. Edgar Rice Burroughs alimtoa katika gazeti la hadithi la Marekani mwaka 1912: yatima aliyejifundisha kusoma kwa vitabu vya wazazi wake waliokufa, kisha akasema Kifaransa kabla ya Kiingereza. Filamu ya 1932 ilimpa, kwa mwili wa Johnny Weissmuller, nguvu, ukelele na maneno machache ya kubabaika. Kufupisha hadithi ni haki ya sinema. Kumpokonya mtu akili yake si kufupisha. Na ikiwa shujaa mwenyewe alinyimwa usemi, Waafrika waliomzunguka, ambao hata kitabuni hawakutendewa haki, wangeupata wapi? Filamu ya 1984 ilimrudishia yeye ulimi wake. Deni la hao halikulipwa.