Ukienda Mafia na watoto, usiishie ufukweni

Likizo ya Desemba iliyopita, binamu ya wanangu anayesoma Ujerumani alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Zilikuwa za mji wa Bamberg: nyumba za kale zilizobanana kando ya mto, makanisa, na jengo la zamani la baraza la mji lililojengwa katikati ya maji. Binti yangu wa kidato cha pili alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mama, kwa nini sisi hatuna miji ya zamani kama hii?"

Nikamwambia tunayo, na mmojawapo uliwahi kuwa chini ya Wajerumani hao hao. Hakuamini. Wiki mbili baadaye tulikuwa Nyamisati, wilayani Kibiti, mimi, yeye na mdogo wake wa darasa la tano, tukisubiri chombo cha kwenda Mafia.

Mzazi mwenzangu, nikiri jambo moja. Mafia ni kwetu. Marehemu mama alizaliwa huko. Lakini nilikuwa sijakanyaga kwa miaka sita, tangu mimi na kaka yangu tulipokosana juu ya minazi aliyotuachia mama. Mpango wangu ulikuwa tuone magofu, watoto waogelee, turudi Dar es Salaam bila kupita kwake Baleni.

Mji uliohamishwa

Chombo kinakushusha Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Kwa umri, mji huu ni mdogo. Hadi 1913 serikali ilikaa Chole, kisiwa kidogo upande wa mashariki, ndani ya ghuba. Wajerumani wakahamia Kilindoni kwa sababu meli kubwa zilipata taabu kuingia Chole. Jina lenyewe linajieleza: kilindi ni maji ya kina.

Tulikwenda Utende kwa gari, tukavuka kwa mashua hadi Chole. Hatukuchukua hata nusu saa majini. Mzee wa hapo alitupokea, watoto wakamwamkia, naye akatuongoza kwa miguu. Kisiwa ni kidogo, hata mtoto wa miaka sita anaweza kukizunguka bila kulia.

Kwanza unaona kuta. Ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zisizo na paa. Mizizi ya miti mikubwa ya jamii ya mkuyu imezikumbatia, mingine imepita madirishani. Kuna gofu la jela, majengo ya utawala, na hekalu la Wahindi waliofanya biashara hapa. Juu ya miti, mamia ya popo wakubwa wananing'inia mchana kutwa, wakingoja jioni waende kutafuta matunda. Mwanangu alisahau kabisa kuuliza kama kuna intaneti.

Kabla ya Wajerumani, Chole ulikuwa mji wa matajiri wenye mashamba ya minazi, chini ya sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa sultani marki milioni 4 kwa ajili ya pwani ya bara pamoja na Mafia. Wenyeji hawakuulizwa.

"Na mawe haya aliyabeba nani?" binti yangu akauliza.

Hapo nilitamani kubadilisha mazungumzo. Lakini mzee alimjibu kwa upole kwamba enzi zile kazi nzito mashambani na mjini ilifanywa na watumwa, na kwamba mtu akitazama ukuta mzuri ni haki auulizie jasho lake. Nilishukuru hakumdanganya. Watoto wetu wanaweza kubeba ukweli wakiambiwa na mtu mzima aliyetulia.

Ili kuwachangamsha, niliwapa fumbo: ni maneno gani mnayoyatumia kila siku yaliachwa na Wajerumani? Walishindwa. La kwanza ni shule. La pili ni hela, kutokana na sarafu ya heller iliyotumika enzi za utawala wao. "Kumbe kila siku ninaomba Kijerumani!" akasema mdogo, tukacheka wote na mzee.

Kisha akataka vita, kama walivyo watoto wa kiume wa umri wake. Navyo vilikuwapo. Januari 1915 Waingereza walishuka Mafia na kukiteka kisiwa. Walikitaka kwa sababu manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya bahari. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuitafuta na kuwaelekeza wapiga mizinga, na Julai mwaka huo manowari ikamalizwa. Mwanangu alisimama ufukweni akielekeza kidole magharibi, akirusha ndege za mdomo.

Kua na kisasi

Siku ya pili, maji yalipojaa, tulikwenda kisiwa cha Juani kuona Kua. Huu ni mji mkongwe zaidi, uliostawi sana karne ya 18. Kuna misikiti, makaburi, na gofu la jumba kubwa lililokuwa la ghorofa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walikuja kwa mitumbwi wakauvamia. Waliouawa waliuawa, wengi wakachukuliwa utumwani, na mji ukafa.

Lakini wenyeji wana kisa kingine cha Kua. Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani, mji wa upande wa pili wa Mafia, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Katikati ya sherehe waliwakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani na kulipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua hawakusema kitu. Miaka ikapita, kama saba hivi, hata ikadhaniwa yamesahauliwa. Kisha wakawaalika Kisimani kwenye harusi. Wageni wakaingizwa chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu akiwafurahisha kwa maneno. Nje, mlango ulikuwa unajengwa kwa mawe. Hakutoka mtu, hata yule mzee.

Watoto walinyamaza. Tulipokuwa tunarudi chomboni, mdogo akanishika mkono. "Mama, Mjomba alitufanyia nini?"

Sikuwa nimelitaja jina la mjomba wake siku hizo zote. Nilifungua mdomo nimweleze habari za mipaka na hesabu za nazi, nikaona haya. Ni minazi. Wanangu walikuwa hawajaiona sura ya mjomba wao kwa miaka sita kwa ajili ya minazi.

Asubuhi tulikwenda Baleni. Kaka alikuwa uani akifua nazi. "Shikamoo, kaka," nilisema. Alichelewa kidogo kujibu. "Marahaba," akasema, kisha akawatazama watoto. "Wamekuwa wakubwa hivi?" Shemeji akatoa mkeka. Mchana tulikula wali wa nazi na changu wa kupaka. Habari ya shamba haijaisha. Tumekubaliana kukaa na wazee baada ya Idi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Majirani wetu wamevuna vya kutosha.

Usiku ule binti yangu alituma picha kwenye kundi la familia: ukuta wa Chole na mizizi yake. Chini aliandika, "Na sisi tunao." Ya pili ilikuwa ya mjomba wake akipasua dafu.

Kabla hujasafiri

Kutoka Dar es Salaam unaweza kuruka kwa ndege ndogo, au kwenda kwa gari hadi Nyamisati na kupanda chombo. Hakikisha kila mtoto amevaa jaketi la kuokolea, hata bahari ikiwa shwari.

Utende, Chole na Juani ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini. Kuna kiingilio, basi beba kitambulisho cha uraia na fedha taslimu.

Ulizia maji yanajaa saa ngapi kabla ya kupanga safari ya Kua. Vaeni viatu vya kufunga, kofia na nguo za heshima, maana mnapita katikati ya makazi ya watu. Msipande kuta wala kuokota vigae, na msiwapigie kelele popo.

Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula viumbe vidogo vidogo tu. Watoto wamtazame bila kumgusa.

Na kama una ndugu kisiwani, mpelekee hata kilo ya sukari.